KIPIMO NI SEHEMU YA DAWA: NASAHA KUHUSU PANADOL TUNAZOBWIA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema anastahiki Allah, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho huenda kipo nyumbani kwako hivi sasa unaposoma. Kipo kwenye droo, kwenye mkoba wa mama, juu ya friji au mfukoni mwa koti. Nacho ni panadol.

Najua wapo watakaosema: "Sheikh, mada zote zimekwisha mpaka tufundishwe kumeza panadol?" Naam, tufundishwe. Kwa sababu dawa ambayo kila mtu anaijua ndiyo ambayo hakuna anayeuliza kipimo chake. Dawa ya daktari tunaiogopa, tunasoma, tunauliza. Panadol tunaibwia kama karanga. Kichwa kikigonga, viwili. Nusu saa haijapita, vingine viwili. Usiku mwili unauma, vitatu. Asubuhi ukimuuliza mtu jana alimeza vingapi, hajui.

Ninachotaka utoke nacho leo ni neno moja tu: kipimo ni sehemu ya dawa. Anayechukua dawa na kuacha kipimo chake amechukua nusu ya tiba na kuiacha nusu, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayotenganisha tiba na sumu.

DINI YETU NI DINI YA VIPIMO

Tazama ibada zako. Swala za faradhi ni tano, si sita. Tawafu ni mizunguko saba. Zaka ya mali ni asilimia mbili na nusu. Katika udhu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha mwisho ni mara tatu, na akamkemea anayezidisha kwamba amevuka mpaka. Haya ni maji, ndugu yangu, tena maji ya ibada, na bado kuzidisha kumeitwa kuvuka mpaka. Basi itakuwaje kwa kemikali inayoingia kwenye damu yako?

Na tazama kisa mashuhuri kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba tumbo la ndugu yake linaharisha. Akaambiwa amnyweshe asali. Akarudi na kusema bado, akaambiwa amnyweshe tena, mpaka akapona. Imam Ibn al-Qayyim, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokieleza kisa hiki katika Zad al-Ma'ad alisema kwamba ndani yake kuna faida kubwa ya kitabibu: dawa lazima iwe na kiasi kinacholingana na ugonjwa. Ikipungua, haiondoi maradhi. Ikizidi, inadhoofisha nguvu za mwili na kuzusha madhara mengine. Huyu ni mwanachuoni wa karne ya nane Hijria, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, hajaona kidonge wala kiwanda, lakini ameyasema ambayo leo mfamasia anakwambia dirishani nawe huna muda wa kumsikiliza.

KIPIMO CHENYEWE NI HIKI

Jina halisi la dawa tunayoiita panadol ni parasetamoli. Panadol ni jina la biashara tu. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya kipimo chake ni hiki:

1. Kwa mara moja: kidonge kimoja au viwili. Si vitatu, si vinne.

2. Kati ya mara moja na nyingine: usubiri masaa 4 kwa uchache, na masaa 6 ni bora zaidi.

3. Ndani ya masaa 24: visizidi vidonge 8, yaani miligramu 4,000. Huo ndio ukuta wa mwisho, na si lazima uufikie. Kimoja kikitosha, inatosha.

Hapa kuna mtego, usikilize vizuri. Mtu anasikia "viwili kila baada ya masaa 4" akaendelea hivyo usiku na mchana. Piga hesabu: mara sita kwa siku, vidonge 12. Amepita ukuta kwa vidonge vinne huku akidhani anafuata maelekezo! Kwa hiyo kanuni zote tatu zinakwenda pamoja. Ndiyo maana wengi wetu tukienda duka la dawa tunaandikiwa kwenye bahasha "2x3": viwili mara tatu kwa siku. Hapo unapata vidonge 6, unabaki ndani ya mpaka na una nafasi ya kupumua.

Mtego wa pili ni haraka. Kidonge hakifanyi kazi kikifika kooni. Kinahitaji kama nusu saa hadi saa nzima. Anayeongeza vingine baada ya dakika ishirini kwa sababu "hazijashika" hajaipa dawa nafasi.

Na wapo ambao kipimo hiki si chao. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mzee aliyedhoofu, mwenye ugonjwa wa ini au figo, aliyekaa siku nyingi bila kula vizuri, anayetumia dawa za kifua kikuu au za kifafa. Hawa waulize kwanza mfamasia au daktari, kwa sababu ukuta wao huwa karibu zaidi. Mama mjamzito naye aulize, japo parasetamoli ndiyo dawa ya maumivu ambayo kwa kawaida wajawazito hupewa, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Na anayekunywa pombe, Allah amtoe huko, asimfiche daktari kwa kuona aibu. Toba ni kati yako na Mola wako, lakini ini lako daktari anapaswa kujua hali yake.

Watoto sikuwataja kwa makusudi. Dozi ya mtoto inapimwa kwa uzito wake. Usimkatie kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria macho.

KWA NINI IZIDI KIDOGO TU IWE HATARI?

Allah amekuumbia ini, na ini ndilo linaloishughulikia dawa hii. Sehemu kubwa linaibadilisha na kuitoa kwa mkojo bila tatizo. Lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Usiogope, Mola wako ameweka ulinzi: ndani ya ini kuna akiba ya kitu kinachoitwa glutathaioni, ambacho huikamata sumu hiyo na kuizima. Ukimeza kwa kipimo, akiba inatosha na inajazwa tena. Ukimeza kupita kiasi, akiba inakwisha, na sumu inabaki bila wa kuizuia. Inaanza kuua chembe za ini lenyewe.

Na jambo la kutisha zaidi ni ukimya wake. Aliyezidisha sana anaweza kukaa siku nzima ya kwanza akiwa mzima, au na kichefuchefu na kutapika tu. Anasema "Alhamdulillah, haikunidhuru." Kumbe ini linaumia. Siku ya pili maumivu yanakuja upande wa kulia chini ya mbavu. Siku ya tatu au ya nne macho yanageuka njano, na kazi ya daktari imekuwa ngumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukijua wewe au mtu wako amezidisha, usisubiri dalili. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uchukue pakiti ya dawa uende nayo. Ipo dawa ya kuizuia sumu hii, inaitwa asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8 tangu kumeza. Yakipita masaa hayo, bado nenda. Maziwa hayaondoi sumu hii. Kujitapisha kwa vidole si tiba. Usipoteze saa hizo za dhahabu kwa kuulizana majirani.

Na ikiwa aliyemeza vingi amefanya hivyo kwa huzuni na kukata tamaa, mkimbize kwanza. Usimsute, usimtangaze. Mgonjwa huyu anahitaji daktari na rehma, na kuokoa nafsi moja unajua daraja lake mbele ya Allah. Suratul Maidah imelieleza jambo hilo.

PANADOL ILIYOJIFICHA

Wengi hawazidishi kwa kukusudia. Wanazidisha kwa sababu dawa ni moja na majina ni mengi.

Umemeza panadol mbili kwa ajili ya kichwa. Mchana ukapewa dawa ya mafua. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Jioni mgongo ukauma, ukauziwa kidonge cha maumivu kilichochanganya diklofenaki na parasetamoli. Wewe unahesabu dawa tatu tofauti, ini linahesabu parasetamoli mara tatu.

Panadol Extra nayo ni parasetamoli ile ile miligramu 500, imeongezwa kafeini miligramu 65. Si dawa nyingine ya kuchanganya na ya kawaida. Na anayemeza mbili wakati wa kulala halafu akalalamika usingizi haumjii, ajue amekunywa kahawa bila kujua.

Wenye jamaa Oman na Dubai wanaletewa Adol. Hiyo ni parasetamoli. Wenye jamaa Marekani wanaletewa Tylenol, na kwenye chupa imeandikwa acetaminophen. Hilo ni jina la Kimarekani la parasetamoli ile ile. Tena vidonge vya huko vingine ni miligramu 325, vingine 500, vingine 650. Basi usihesabu vidonge tu, soma miligramu. Na ukiletewa ile inayotoa dawa polepole kwa masaa mengi, ina kanuni yake peke yake. Soma au uliza kabla ya kumeza.

Nitakupa kipimo cha kifiqhi ukumbuke vizuri. Ukisahau katika swala kama umeswali rakaa mbili au tatu, unajenga juu ya idadi ndogo, kwa sababu hofu ni kupunguza. Ukisahau kama umemeza vidonge sita au vinane, jenga juu ya idadi kubwa, kwa sababu hapa hofu ni kuzidisha. Hesabu vinane na uache mpaka masaa 24 yaishe.

NA WEWE UNAYEFUNGA

Ramadhani inapofika, maswali huwa mengi. Kuna mtu akila daku anameza panadol nne kwa pamoja "zimshike mpaka magharibi." Ndugu yangu, hazitakushika. Nguvu ya dawa hii ni ya masaa 4 hadi 6 tu. Ukimeza nne alfajiri, adhuhuri maumivu yamerudi na ini limebeba mzigo wa bure.

Kama una maumivu na wewe ni mtu mzima mwenye afya, usiku wetu wa Afrika Mashariki unatosha: viwili baada ya kufuturu saa 12 na nusu jioni, viwili saa 5 usiku, viwili saa 10 alfajiri wakati wa daku. Vidonge sita, na kila nafasi imezidi masaa manne. Na kichwa kinachouma siku za mwanzo za mfungo mara nyingi ni upungufu wa maji, au mwili unadai chai na kahawa ulizoizoesha. Punguza kahawa kuanzia Shaabani, kunywa maji ya kutosha usiku.

Na kama unaumwa kweli, Allah ameshakupa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Iko katika Suratul Baqarah. Mwenye kuikataa rukhsa ya Mola wake halafu akajidhuru kwa vidonge, hajaongeza ucha Mungu.

"MBONA MIMI NAMEZA NYINGI NA SIJAFA?"

Swali hili nalijua. Jawabu: anayevuka barabara bila kutazama naye husema hivyo hivyo kila siku, mpaka siku moja. Salama ya jana si hoja ya leo. Siku ambayo umeumwa, umedhoofu, hujala siku mbili, akiba ya ini imepungua, kipimo kile kile ulichokizoea kinaweza kukuangusha.

Na kuna hasara nyingine isiyosemwa. Anayemeza dawa ya kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, dawa yenyewe inaweza kuwa sababu ya kichwa kuuma. Anameza kwa sababu kinauma, na kinauma kwa sababu anameza. Huyo anahitaji daktari, si pakiti nyingine.

Usisahau pia kwamba panadol hushusha homa na haitibu malaria. Umepoa jasho, ukadhani umepona, kumbe vijidudu vinaendelea kuzaliana. Katika nchi zetu, homa ni ya kwenda kupima. Homa ikizidi siku 3, au maumivu yakizidi siku 10, acha kujitibu.

Mwingine atasema: "Ajali imeandikwa, kama ni kufa nitakufa tu." Huo si uelewa sahihi wa kadari. Yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Kufunga ngamia wako hapa ni kusoma karatasi iliyomo kwenye pakiti. Bismillah unayoisema kabla ya kumeza ni baraka, lakini haikuhalalishii kumeza cha tisa. Allah ametukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi, na wanavyuoni wamehesabu kuhifadhi nafsi miongoni mwa makusudio makubwa matano ya Sharia. Mwili huu si wako, ni amana. Siku moja utaulizwa.

DHAMANA YA ANAYETOA

Sasa nawageukia wale wanaowapa wengine dawa. Imepokewa kwa Abu Dawud na wengineo kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, anabeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanavyuoni wamejenga juu yake hukumu nyingi.

Basi wewe mwenye duka mtaani, unayekata vidonge kwa mkasi na kumkabidhi mtoto aliyetumwa: jina limebaki kwenye kipande kingine, tarehe ya kuisha imebaki kwako, karatasi ya maelezo umeitupa. Ni maneno mangapi yanahitajika? "Za nani? Leo amemeza dawa gani nyingine? Mwambie zisizidi nane kwa siku." Sentensi tatu. Uingereza, tangu mwaka 1998, sheria imeweka mpaka wa vidonge katika pakiti moja: 16 kwenye duka la kawaida, 32 kwenye duka la dawa. Nchi tajiri yenye hospitali kila mahali haikuona haya kuhesabu vidonge vya panadol. Sisi ambao hospitali kubwa iko mbali tuna haki zaidi ya kuhesabu.

Na wewe jirani mwema, na wewe shangazi mwenye mkoba wa dawa, nia yako ni njema na Allah akulipe. Lakini kabla ya kutoa, uliza. Wema bila elimu umeshawaumiza wengi.

Na kwenu maimamu wenzangu: katika kila msikiti hakosekani mfamasia, muuguzi au mwanafunzi wa udaktari. Mpeni dakika tano baada ya swala ya Ijumaa. Mimi si daktari na wala siandikii mtu dawa. Vipimo nilivyovitaja ndivyo wanavyovifundisha wenye fani. Lakini kusema kwamba kuvuka kipimo ni kukhini amana, hilo ni jukumu letu sisi, na tukinyamaza tutaulizwa.

CHUKUA HAYA

Kimoja au viwili kwa mara moja. Masaa manne kwa uchache. Visizidi vinane kwa masaa 24. Soma jina la dawa na miligramu zake. Ukizidisha, hospitali, hata kama unajiona mzima.

Leo kabla hujalala, nenda kwenye hiyo droo. Toa vidonge visivyo na jina wala tarehe, uvipeleke duka la dawa wavitupe wao. Vilivyobaki viweke juu, watoto wasivifikie. Kisha mwambie mama yako, mumeo, mkeo na kijana wako kipimo hiki, kwani kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, tupe afya katika miili yetu, masikio yetu na macho yetu, tujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zako, wala usitufanye tuwe sababu ya madhara kwa nafsi zetu wala kwa waja wako. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Huenda kuna nyumba inaihitaji usiku huu huu.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.